Wa Hapa Tu

Kazi yangu ni vichwa.
Kitambaa cha buluu nyuma, mabega sawa,
inua kidevu, usicheke.
Miaka kumi na tisa pale Ndoro, Lindi mjini,
nimepiga wanafunzi, mahujaji, wastaafu wanaofuatilia mafao,
na hakuna aliyewahi kuruka kutoka kwenye stuli akaniacha.

Akaja bwana mmoja wa utafiti, ana haraka na homa,
akaniachia lenzi ndefu kama mchi
na karatasi: ndege mmoja, dume, ubavu wa kushoto,
msitu wa Rondo, siku tatu, malipo nusu.
"Kwingine anapatikana wapi?"
"Pwani hii ya kusini. Basi."
Nikacheka. Mteja wa kwanza
asiyehitaji paspoti.

Somoe Chinguile alinipokea na buti za mvua na panga,
akalitazama shati langu jekundu, akasema, "Livue."
Nikaingia msituni na singlendi, kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Ukungu ulikuwa bado umeyakalia majani.
Somoe akasimama. Si kama asubiriye gari;
alisimama kama mlango.
"Umsikie."
Nilisikia mbu. Nilisikia mihogo ya jana tumboni.
"Pale. Kama mtoto aliyeng'oka jino
anajaribu mluzi kwenye pengo."

Kitabuni ana jina la Mjerumani aliyekufa zamani.
Somoe hamwiti jina. Anamjibu tu, kwa pengo lake mwenyewe.

Siku ya kwanza: tawi. Tawi. Tawi.
Siku ya pili: tawi linatikisika.
Nikamwona mara moja, kichwa cha kijivu,
kitambaa cheusi machoni kama mwizi wa harusini,
mdogo, ndimu ingemzidi uzito.
Nikanong'ona kwa mazoea, "Tulia, usipepese,"
naye akageuka, akanipa mkia,
akaenda kumalizana na buibui wake.
Somoe aliuma ncha ya mtandio.

Usiku, kwa mwanga wa kioo cha kamera, nikahesabu:
picha mia mbili na kumi na mbili
za mahali alipokuwa.

Siku ya tatu mvua. Tukajibana chini ya turubai,
tukigawana korosho zilizoungua upande mmoja.
Hapo ndipo aliposema, bila kunitazama:
"Miaka sita nawaonyesha watu ndege huyu.
Wote wana picha yake. Wengine wana picha ya buti langu,
ya kidole changu kikionyesha.
Mimi hata ya kitambulisho sina. Naambiwa niiambatanishe
kwenye barua ya kuomba ajira,
kazi hii hii ninayoifanya."

Kitambaa cha buluu nilikiacha mjini.
Mvua ilipokata nikamsimamisha mbele ya majani,
nikabadilisha lenzi, nikafungua mdomo
niseme inua kidevu.
Kilikuwa kimeshainuka.
Nikapiga moja tu. Sijawahi kupiga moja tu.

Nyumbani nikaikuza, niondoe matone kwenye nyusi.
Nyuma ya sikio lake, kule ukunguni,
kuna doa la kijivu lenye mstari mweusi.
Laweza kuwa jani. Laweza kuwa vumbi la lenzi, mimi ni mvivu wa kufuta.
Nikampigia simu.
"Ubavu upi?" akauliza.
"Kushoto."
Akanyamaza, kisha akapiga mluzi, ukapotelea kwenye mtandao mbovu.

Bwana wa utafiti nilimrudishia lenzi yake
na matawi mia mbili na kumi na mawili.
Nusu ya pili hajatuma. Simdai.

Somoe nilimchapishia nne za barua, nikamkatia pembe vizuri.
Ya tano, kubwa, ipo dirishani pa duka.
Wateja wanauliza ni nani.
Nawaambia, wa hapa.
Wanasogea karibu na kioo, wanapepesa macho,
na wachache, wenye subira,
wanauliza: na huyo wa nyuma?